Nakala ya plasta haiwezi kukaa nje

Hapana ndugu, mifupa ya dinosaria iliyostaafishwa na makumbusho haiwezi kusimamishwa wazi pale Capri Point, Mwanza, kama ulivyopendekeza, ikiwa ni nakala ya plasta. Dippy wa London, nakala ya plasta ya mwaka 1905 ya mifupa ya dinosaria, iliyoondolewa katika ukumbi wa Makumbusho ya Historia ya Asili mwaka 2017, alitembezwa miji kadhaa ya Uingereza kuanzia 2018, lakini kote aliwekwa ndani. Kwa ajili ya bustani ya makumbusho hayo ilibidi itengenezwe nakala nyingine ya shaba nyeusi, iliyosimamishwa mwaka 2024. Plasta ni jamii moja na jipsamu ya dari zetu, na ya kwangu hapa Nyegezi ilimeguka kama mkate uliolowa baada ya bati kuvuja masika moja tu. Chini ya paa, hata la bwalo la shule, inafaa.