Mnaouliza mchango wangu kwenye msiba wa baba

Mdogo wetu wa mwisho ameniandikia wiki iliyopita. "Dada, naomba usinielewe vibaya. Huku watu wanaulizana, inakuwaje aliyeko Uingereza aandikwe laki nane kwenye daftari la msiba, wakati shemeji mwenye duka pale Himo ameandikwa milioni moja?" Najua imemchukua miezi miwili kupata moyo wa kuuliza. Sikukasirika. Namjibu yeye, na namjibu mbele ya ukoo mzima, maana wengine mmekuwa mkiuliza mkiwa mmekaa kwa mama, naye mama hana la kuwajibu.

Laki nane ni kweli. Ila daftari lile lilifunguliwa baba akiwa ameshafariki. Ugonjwa wake haukuwa na daftari.

Machi 2023 madaktari walisema figo zote mbili zimeshindwa, inabidi asafishwe damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na hakuna siku ya kusema sasa basi. Bima hakuwa nayo. Fundi seremala wa Marangu aliyefanya kazi kwa mikono yake mpaka uzeeni, bima angekatiwa na nani? Kaka akamchukua akakae naye Kimara, Dar, ili awe karibu na hospitali. Kukaa kwenye mashine mara moja tulikuwa tunalipa laki mbili. Pigeni hesabu: laki sita kwa wiki, milioni mbili na nusu kwa mwezi, hapo bado dawa za presha, sindano za kuongeza damu na bajaji ya kwenda na kurudi, kwa sababu akitoka kwenye mashine miguu ilikuwa haimbebi kupanda daladala.

Kaka alibeba mara moja kati ya tatu. Nyingine mbili zikawa zangu.

Sasa niwaambie kuhusu mshahara, kwa sababu hili sijawahi kuwaambia. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawageuza kitandani usiku wasipate vidonda. Nalipwa kima cha chini cha hapa, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Kwa wiki ya saa 37 na nusu, kodi na bima ya taifa na pensheni vikishakatwa, zilikuwa zinabaki kama paundi 1,650 kwa mwezi. Chumba ninacholala, ambacho jiko na bafu nachangia na watu wengine wanne, ni 520. Chakula na basi 300. Kwa baba ilikuwa inakwenda 500 kila mwezi, hata mwezi ambao nilikuwa naumwa mwenyewe. Zilizobaki ndizo nilizokuwa nakusanyia kibali cha kuishi na kumtumia mama ya sukari na sabuni. Mnaposikia paundi moja ni zaidi ya shilingi elfu tatu, mnazidisha mnachokiona kinaingia. Kinachotoka nacho kinatoka kwa paundi.

Miezi ishirini na nane, paundi 500 kila mwezi, ni paundi 14,000. Zinakaribia milioni hamsini za kwetu. Sizitaji ili mnipigie makofi. Nazitaja kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa pesa za msiba, na zilikwisha baba yu hai, anaongea, anamgombeza kaka kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Zingerudi leo mkononi ningezipeleka kulekule.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo daftari. Baba aliandikiwa mara tatu kwa wiki. Tangu mwanzoni mwa mwaka huu kuna wiki nyingi alikwenda mara mbili, kwa sababu zamu za ziada zilipungua kazini na mimi zaidi ya zile 500 sikuwa na kitu. Ile siku ya kuruka ikifika, maji yalimjaa mwilini, miguu inavimba, usiku analala ameketi kwa kukosa pumzi. Kaka alikuwa ananipigia saa nane za usiku na kuniwekea simu karibu na baba, halafu hasemi kitu. Mnaouliza aliyeko Uingereza alitoa nini, mimi hujiuliza hivyo kuanzia saa ile ya usiku, wala siulizi habari za mazishi.

Disemba iliyopita nilikuja, mnakumbuka. Mkono wake wa kushoto walikuwa wameuunganisha mishipa ili sindano za mashine zipate njia, ukawa umetuna kama kamba ya katani chini ya ngozi. Akanishika kiganja akakiweka pale. Damu ilikuwa inatetema, mfululizo, kama paka anapokoroma akiwa amelala mapajani. Akaniambia, "Sikia, hiyo ndiyo kazi yako." Sijawahi kumwambia mtu hilo. Nikiwa kazini, nikishika mkono wa bibi yeyote kumpima mapigo, natafuta mtetemo ule.

Na ndizi. Figo zikishindwa, potasiamu inajaa kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo, na ndizi zimejaa potasiamu. Mchaga wa Marangu, aliyezaliwa katikati ya migomba, akakatazwa ndizi. Mtori ukaondoka, machalari yakaondoka. Mke wa kaka alikuwa anazimenya, anazichemsha, anamwaga maji, anazichemsha tena, ili mzee apate vipande viwili tu vya Jumapili, vimelegea, havina ladha. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe, siku za joto la Dar akawa ananyonya kipande cha barafu. Alivumilia yote hayo miaka miwili na zaidi, sikumsikia akilalamika isipokuwa kwa ndizi.

Alifariki mwisho wa Julai. Simu yangu ilikuwa kwenye kabati la wafanyakazi, nikaikuta saa moja asubuhi nikitoka zamu, ina simu kumi na tisa ambazo sikupokea. Sheria za hapa, mzazi akifariki mwajiri halazimiki kukulipa siku za kwenda kuzika. Nilipewa siku kumi bila malipo, nikashukuru.

Kabla kamati haijakaa, hospitali ilisema mwili hautoki mpaka deni la wiki yake ya mwisho limalizwe, milioni tatu na laki mbili. Hilo nililipa mimi, kwa simu, nimekaa kituo cha basi. Halikuandikwa popote kwa sababu halikuwa mchango, lilikuwa deni. Nauli nikaweka kwenye kadi ya mkopo, paundi 870, bei ya Agosti watu wakiwa likizo. Nadaiwa hadi leo.

Kati ya ile milioni tatu na ushee, yangu mwenyewe ilikuwa ndogo. Kubwa ilitoka kwa Watanzania wa mji huu. Tuna kundi la WhatsApp, mtu akifiwa kila mmoja anatoa paundi 20, na jina linaandikwa. Wapo waliotoa kumi. Mmoja ni kijana anayelala kwenye kochi la rafiki yake, kibali chake bado, alinitumia paundi tano na kuomba radhi. Mkenya ninayefanya naye zamu akanifungia thelathini kwenye bahasha. Pesa hizo nazo zina wenyewe. Tangu Agosti wamefiwa watu wanne kwenye kundi, na mara zote nne nimetoa ishirini yangu, kwa sababu walinistiri na mimi niwastiri. Mnaposema "huko mnachangiana, pesa ipo," mjue inatoka mfukoni kwa watu wenye vyumba kama changu.

Nikabaki na laki nane. Ndizo nilizompa baba mdogo mkononi, kwenye kikao.

Na kikao chenyewe nakizungumzia wazi. Bajeti ilikuwa milioni kumi na nne. Jeneza, gari la mwili kutoka Dar, coaster mbili za waombolezaji, chakula cha watu mia sita, maturubai, viti: hayo nilikubali, mtu hazikwi kama hana watu. Nilikataa fulana zenye picha yake, mpiga video wa siku mbili na sare ya kitenge ya wakwe. Baba mdogo aliniambia mbele ya kamati, "Wewe umeishi kwa Wazungu, umesahau heshima." Nami nikajibu kwa sauti ambayo binti hamjibu nayo baba yake. Nilisema kwamba zingetolewa hizi pesa za fulana Januari, baba angekwenda kwenye mashine mara tatu. Kila kilichokatwa kilirudishwa, na pesa zikapatikana ndani ya siku tatu. Hapo ndipo panaponiuma. Watu walewale nilikuwa nimewaandikia Februari, mmoja mmoja, naomba elfu ishirini za dawa. Walionijibu wanafika watano. Sisemi ni wabaya. Kifo kina tarehe, kina kamati, kina mweka hazina anayesoma majina kwa sauti. Mgonjwa wa miaka miwili watu wanamzoea.

Siku ya kuzika walipika ndizi sufuria nane. Nilisimama nyuma ya migomba nikashindwa kula.

Sasa nasikia kuna mchango mwingine, wa kujengea kaburi vigae kabla ya Disemba, na mimi nimepangiwa milioni. Sitautoa. Disemba hii pia siji, mpaka nimalize kadi. Ninachotoa ni paundi 60 kila tarehe 28, kuanzia mwezi huu, na zinakwenda kwa mama. Presha anayo tangu 2019 na miguu imeanza kuvimba jioni. Nimemwomba mdogo wetu ampeleke akapimwe figo, apimwe damu na mkojo, halafu aulize bima inayompokea mtu wa umri wake. Mwenye nia ya kununua kigae, nampigia magoti, apeleke hiyo pesa huko. Tuandike daftari la mama sasa, likae kwa mdogo wetu, kila mtu alione, na mimi jina langu liwe la kwanza.

Kaburi la baba lina masale aliyopanda mama mwenyewe. Mvua za vuli zikinyesha yatashika.

Baba mdogo, ile sauti niliyokujibu nayo haikuwa ya kukujibu wewe. Kesho asubuhi mdogo wetu atapita kwako na jani la isale, lile tunaloombea radhi sisi Wachaga. Naomba ulipokee.