Askari aliyekamatwa Goma: mateka au mfungwa wa vita?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatangaza katika redio ndogo hapa Bukavu, na habari nyingi tunazitafsiri kutoka Kifaransa. Mji wa Goma ulipoanguka Januari 2025, baadhi yetu tulisema askari wa serikali "wamechukuliwa mateka", wengine wakasema "wafungwa wa vita". Kijana wa Wazalendo, yale makundi ya wenyeji yanayopigana upande wa serikali, naye kuna anayemwita raia na kuna anayemwita mpiganaji. Juzi mwenzangu alisoma hewani "mateka yameachiwa", tukabishana hadi jioni. Lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Swali lako ni la lugha, lakini nusu ya jibu imo katika Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949, inayoweka sheria za vita. Nikikurudisha kwenye kamusi peke yake nitakuwa nimekuacha njiani.

Neno mateka limetokana na kuteka, na asili yake ni pana: chochote kilichopatikana vitani, awe mtu au iwe mali. Wayahudi waliopelekwa Babeli huitwa mateka, na hakuna anayedhani kwamba Nebukadreza aliwashika ili alipwe kitu. Kwa hiyo aliyesema askari wa Goma wamechukuliwa mateka hakuvunja sarufi wala hakuzua maana mpya.

Ila maana hiyo imesogea. Leo ukisikia kwamba watu wameshikwa mateka benki, unaelewa kuna anayewazuia ili mtu mwingine atoe kitu: fedha, njia ya kutorokea au wenzake walioko gerezani. Na kushika watu kwa namna hiyo kumekatazwa na Kifungu cha 3, ambacho kimerudiwa katika mikataba yote minne na kinawabana serikali na waasi sawasawa. Ni uhalifu wa vita. Kumkamata askari wa adui aliye vitani, kwa upande mwingine, hakukatazwi na sheria za vita. Tazama mfano huu. Kundi limemkamata koplo na kumfungia katika chumba cha shule. Huyo amekamatwa vitani. Kesho yake kundi linatuma ujumbe kwamba koplo atauawa vikosi vya serikali visipoondoka kwenye kilima fulani. Sasa ni mateka. Mtu ni yule yule na chumba ni kile kile. Kilichoongezeka ni sharti lililofungwa kwenye uhai wake. Ukitumia neno mateka kwa hali zote mbili, msikilizaji hawezi kujua kama ametangaziwa tukio la kawaida la vita au uhalifu.

"Mfungwa wa vita" nalo si neno la kumpa kila aliyekamatwa. Ni hadhi inayotolewa na Mkataba wa Tatu wa Geneva. Mwenye hadhi hiyo akihojiwa halazimiki kutaja zaidi ya jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Hashtakiwi kwa sababu tu alipigana, na mapigano yakikoma lazima arudishwe kwao bila kucheleweshwa. Lakini hadhi hii ipo katika vita vya dola na dola. Katika vita vya serikali na waasi haipo, ndiyo maana mwasi aliyekamatwa anaweza kufikishwa mahakamani kwa uhaini, ingawa kumtesa, kumdhalilisha au kumuua ni marufuku. Serikali nyingi huyaogopa maneno haya matatu kwa sababu huona kwamba kuyatamka ni kama kumpandisha mwasi cheo.

Mashariki mwa Kongo mambo mawili yamelala juu ya ardhi moja. Kuna vita vya serikali ya Kinshasa na waasi wa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameripoti kwamba jeshi la Rwanda nalo limo. Azimio 2773 la Baraza la Usalama, la Februari 2025, lililitaka jeshi hilo liache kuisaidia M23 na liondoke Kongo. Rwanda imekuwa ikikanusha tuhuma hizo. Askari wa Kongo aliyekamatwa na jeshi la Rwanda ni mfungwa wa vita. Aliyekamatwa na M23 pekee, jibu linategemea kundi hilo linaongozwa na nani, na hilo ni la mahakama, si la mtangazaji wa taarifa ya asubuhi. Ushauri wangu: sema "askari waliokamatwa vitani". Ni kweli, ni Kiswahili fasaha, na hakumhukumu yeyote. Epuka "wametekwa" kwa watu, maana sikioni mwa wengi siku hizi kutekwa ni kuchukuliwa na watu wa gizani. Kwa mji halina shida: Goma ilitekwa.

Na kwa kuwa uko redioni, jambo moja la pembeni: Mkataba wa Tatu wa Geneva unataka wafungwa wa vita walindwe dhidi ya matusi na dhidi ya kugeuzwa kitu cha kutazamwa na umma. Usimpe kipaza sauti mtu aliyesimamishwa mbele ya bunduki.

Sasa raia, neno linalotusumbua zaidi. Lina maana mbili: mwenye uraia wa nchi, na asiye wa jeshi. Koplo wetu ni raia wa Kongo, lakini vitani si raia. Ukihofia utata, sema "raia wasiopigana" au "watu wasio na silaha". Askari nalo ni pana mno, kwani kuna askari polisi, askari magereza na askari wa wanyamapori. Unapotaka mtu wa jeshi, mwanajeshi ndilo neno lenyewe.

Kuhusu kijana wa Wazalendo, jina la kundi halimpi ulinzi wala halimnyang'anyi. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva inayohusu vita vya ndani, inasema raia hulindwa isipokuwa kwa muda ule anaposhiriki moja kwa moja katika mapigano. Isome hiyo "anaposhiriki" polepole. Kiambishi -po- cha wakati ndicho kinachobeba sheria nzima. Nimesikia watafsiri wakiandika "isipokuwa raia aliyeshiriki mapigano". Kwa herufi chache mkulima aliyebeba bunduki siku moja mwezi wa tatu, akairudisha na kushika jembe, amegeuzwa shabaha halali maisha yake yote. Sheria haikusema hivyo. Anaposhiriki anaweza kushambuliwa. Akiacha, ulinzi unarudi, japo anaweza kushtakiwa kwa alilotenda.

Aliye ndani ya kundi na kazi yake ya kila siku ni kupigana ni hali nyingine. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, katika mwongozo wake wa 2009, haimhesabu kuwa raia mpaka atoke kwenye kazi hiyo. Huyo mwite mpiganaji. Lakini mama anayewauzia Wazalendo ugali na sombe ni raia, hata kama wanae wamo kundini, na mwenye gereji aliyewatengenezea pikipiki ni raia pia. Dereva anayepeleka risasi hadi mstari wa mbele, hapo anashiriki moja kwa moja. Ukiwa na shaka, Itifaki ya Kwanza ya mwaka huo huo, iliyoandikwa kwa vita vya mataifa, inasema mtu huyo ahesabiwe raia, nami naona mtangazaji wa vita vyovyote afuate kanuni hiyo. Nakusihi pia uandike Wazalendo kwa herufi kubwa unapotaja kundi, ili mzalendo wa kawaida, anayeipenda nchi yake bila kugusa bunduki, asichanganywe nao.

Mwenzako sasa. Mateka ina umbo la ngeli ya YA, lakini kwa watu upatanisho ni wa A-WA: mateka mmoja ameachiwa, mateka wameachiwa. "Mateka yale" ni mali iliyochukuliwa vitani, kama vile magunia, magari au silaha. Kwa hiyo "mateka yamegawanywa" inafaa kwa magunia ya maharage, na "mateka yameachiwa" haifai kwa mtu.