Usiiulize mashine jina, iulize inachoweza

Kazi hii ya kuhamisha programu za C kutoka mashine moja hadi nyingine nilifundishwa na kadi ya kumbukumbu iliyojaa usiku mmoja. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kunakili vipimo vya siku vya mizani ya ghalani kwenda faili la akiba. Kwenye laptopu yangu ya Intel ilipiga kazi miezi kadhaa bila kukohoa. Mteja hakutaka laptopu ilale ghalani, basi tukaiweka kwenye Raspberry Pi yenye prosesa ya ARM. Asubuhi simu ikaita: “Kijana, kidude chako kimeganda.” Faili la kilobaiti chache lilikuwa limekula kadi nzima. Nikalifungua kwa `xxd`, programu inayoonyesha faili baiti kwa baiti. Vipimo vya siku vilikuwepo vyote, na baada yake `ff ff ff ff` hadi macho yakachoka.

Uchawi wote ulikuwa hapa:

`char c;`
`while ((c = getchar()) != EOF) putchar(c);`

`getchar` hurudisha `int`, na faili likiisha hurudisha EOF, alama ya mwisho wa faili, ambayo kwa kawaida ni -1. Lugha ya C haisemi kama `char` inaweza kubeba namba hasi au la. Suala hilo limeachiwa kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Kwenye Intel, kompaila ya GCC huiruhusu kuwa hasi, hivyo -1 ikabaki -1 na kitanzi kikasimama. Kwenye Linux ya ARM, `char` huanzia 0 hadi 255. Ile -1 ikageuka 255, na 255 haitakuwa -1 hata ukisubiri hadi kiama. Hata kwenye laptopu programu ilikuwa mbovu vilevile: baiti halali yenye thamani ya 255 ingeonekana kuwa ndio mwisho wa faili. Miezi yote ile nilikuwa nabebwa na bahati tu.

Dawa niliyoikimbilia ni ileile utakayoikimbilia wewe: `#ifdef __arm__`, yaani sharti la kukompaili sehemu fulani pale tu jina `__arm__` linapokuwepo, kisha ndani yake nitie kiraka. Kaka mmoja wa ofisini akasogeza kiti, akasoma, akauliza, “Na wakileta ARM ya biti 64?” Nikaenda kutazama. Kwenye ARM ya biti 64, GCC haitoi `__arm__` kabisa, inatoa `__aarch64__`. Mteja angebadilisha mfumo tu, kwenye kidude kilekile, na kiraka changu kingeruka kimyakimya. Tiba ya kweli ilikuwa kuandika `int c` badala ya `char c`, herufi tatu tu, na sharti zima likafutwa. Tangu siku hiyo nikiona jina la prosesa ndani ya `#ifdef`, nauliza kwanza: hapa tunataka kujua nini hasa?

Mara nyingi utakuta hakuna haja ya kujua chochote. Chukua mpangilio wa baiti. Gramu 1000 kwenye namba ya biti 32, Intel huziweka kwenye kumbukumbu kama `e8 03 00 00`, baiti ndogo mbele. Mashine inayotanguliza baiti kubwa ikisoma faili hilo hilo vivyo hivyo, itapata 3,892,510,720. Kilo moja ya sukari imekuwa zaidi ya tani 3,892! Anayeanza hutafuta namna ya kuuliza mashine ni ya upande gani. Achana nako. Amua faili lako linapangwaje, kisha toa baiti moja moja kwa `>>` na `& 0xff`, na wakati wa kusoma zirudishe kwa `<<`. Msimbo huo hutoa jibu moja popote. Usitupe `struct` nzima (fungu la vipengele kadhaa) kwenye faili kwa `fwrite`, kwa sababu kompaila huacha nafasi tupu kati ya vipengele: `char` ikifuatwa na `int` kwa kawaida hula baiti 8, sio 5. Tatizo hili la mpangilio wa baiti ni la zamani kuliko wengi wetu. Mfumo wa Unix ulipohamishwa kutoka kompyuta ya PDP-11 miaka ya 1970, mpangilio ulipopinduka neno UNIX lilisomeka NUXI, na hadi leo wakongwe huliita hivyo.

Kuhusu ukubwa wa namba sitakuchosha: `long` ni baiti 8 kwenye Linux ya biti 64 lakini ni 4 kwenye Windows ya biti 64. Tumia `int32_t` na `int64_t` za `stdint.h`, zimo tangu C99.

Kinachobaki ndicho cha kuuliza kweli: kama kazi (function) fulani ipo kwenye mfumo, kama maktaba fulani imewekwa. Hapo ndipo skripti ya `configure` inapoingia. Autoconf, inayoitengeneza, ilianzishwa na David MacKenzie mwaka 1991, na busara yake ni kutoamini majina. `configure` huandika programu ndogo, huijaribu kwa kompaila, ikikubali huandika `HAVE_` fulani kwenye faili la `config.h` ambalo msimbo wako utalisoma. Ikikwambia maktaba haipo na wewe una uhakika ipo, usianze kuibishia wala kuhariri `config.h` kwa mkono. Fungua `config.log`. Mle kuna programu yenyewe iliyojaribiwa na kosa lililotokea, na mara nyingi utakuta umeweka maktaba bila kifurushi chake cha `-dev`, chenye faili za kukompailia.

Ukikompailia kwenye laptopu ili programu ikaendeshwe kwenye ARM, chaguo la `--host` la `configure` ni mashine itakayoendesha, wala sio hiyo uliyokalia. Nimeona watu wazima wakizigeuza. Na majaribio yanayohitaji kuendesha programu hayawezekani hapo, hivyo jibu utalitoa mwenyewe. Lipime kwenye mashine halisi kabla ya kulitoa. Usitumie `-march=native`, inayokompaili kwa ajili ya prosesa yako hasa, kwa kitu utakachompa mtu mwingine: prosesa yake ikiwa ya zamani kuliko yako, atapokea “Illegal instruction” na wewe utapokea simu.

Kama huna mashine nyingi, usijali, mimi pia sikuwa nazo. Kompaili kwa `-funsigned-char` na kosa langu la mizani utalipata hapo hapo kwenye laptopu. Kwa mpangilio wa baiti, weka QEMU, programu inayoigiza prosesa nyingine, na kompaila ya s390x, familia ya mashine za IBM inayotanguliza baiti kubwa, kisha endesha majaribio yako kwa `qemu-s390x`. Itakwenda polepole. Weka chai jikoni, ukirudi utakuta orodha ya yaliyoanguka.