Mwalimu mkuu mwenye gongo

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa nidhamu. Nimetazama Lean on Me, ile filamu ya Morgan Freeman. Je, mkuu yule alikuwepo kweli, na ukali wake ulifaulu?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Alikuwepo. Joe Clark aliongoza Eastside High School mjini Paterson, New Jersey, miaka ya 1980. Gongo la besiboli, kipaza sauti, milango kufungwa minyororo ili wauza dawa za kulevya wasiingie: yote hayo ni kweli. Aliwafukuza pia mamia ya wanafunzi, na hapo ndipo roho inaponiuma. Filamu, iliyotoka 1989, inawaondoa vijana wale jukwaani kwa kelele nyingi, kisha haishughuliki sana na walikoenda. Anarudi Sams, mmoja wa waliofukuzwa, akibembeleza, je, wenzake? Korido zilitulia, sikatai. Lakini ushindi wa mtihani unaofunga filamu usiuchukue kuwa ndiyo historia nzima: mwaka 1991 serikali ya jimbo ilizichukua shule za Paterson iziendeshe yenyewe. Minyororo usiiguse kamwe, moto ukizuka watoto watanaswa ndani. Cha kuiga, Mwalimu, ni vile anavyozunguka korido mwenyewe badala ya kujifungia ofisini.