Jasusi anayeuhama mwili: usimpe swichi

Simamisha kalamu hapo hapo. Umesema jasusi wako yuko Tanga, Novemba 1914, anawapelelezea Waingereza, Wajerumani walishamchapa hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, na sasa akibanwa anauhama mwili kwa kutaka mwenyewe, hasikii maumivu, anamaliza kazi, anarudi. Halafu unauliza sura ziwe ngapi, asimulie kwa "mimi" au kwa "yeye", na kama wasomaji wataamini.

Hawataamini. Kitabu hicho nilishakiandika mimi. Miaka miwili ya kuandika, nakala 300 kwa pesa yangu, na zaidi ya 200 bado ziko chini ya kitanda hapa Chumbageni.

Aliyeniponza ni mwalimu wa warsha moja ya uandishi. Alichukua shilingi 150,000 zangu, akapitia kurasa chache, akasema: "Jasusi asiyeumia ndiye anayeuza." Nikimkumbuka damu inanichemka. Hakuniuliza hata mara moja kama namjua mtu mwenye kiwewe. Ninaye nyumbani, ni shangazi yangu, na nilivyopumbazwa na yule bwana hata sikumfikiria.

Kitabu kilipotoka nilimsomea shangazi barazani. Tulipofika pale jasusi anapojizima mbele ya mahasimu wake, akaniwekea mkono juu ya ukurasa. "Mwanangu, huyu wako ana raha. Mimi nikienda sijui kama nimekwenda. Najua nikirudi: chai imefanya utandu, na mtoto mliyeniachia hayupo mkekani."

Sikuendelea kusoma.

Huku kuuhama mwili wataalamu wanakuita disosiesheni. Mwanasaikolojia Mfaransa Pierre Janet aliiandika tangu 1889, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 unaitambua ndani ya ugonjwa wa kiwewe kwa sura mbili: mtu kujiona yuko nje ya mwili wake, au dunia kumgeukia kama ndoto. Inakuja pale ambapo kupigana haiwezekani na kukimbia haiwezekani. Wakati wa kuchapwa, basi, acha jasusi wako awe juu ya mwembe akimtazama mtu aliyelala kifudifudi. Pale ilimwokoa, usipaguse. Balaa ni kwamba hatari ikishapita, akili inaendelea kukimbia bila kumwomba ruhusa, na inayazima maumivu pamoja na furaha, macho na kumbukumbu. Na jasusi anakula kwa macho na kumbukumbu!

Kwa hiyo shika hili moja, mengine utayapanga mwenyewe: kila akihama, arudi na pengo, na pengo hilo limgharimu kitu.

Tazama ulichonacho mkononi. Waingereza walishuka Ras Kasone, hapa hapa Tanga, wakiwa kama 8,000, Wajerumani na askari wao kama 1,000, na bado Waingereza walishindwa. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa akiwaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Mweke jasusi wako stesheni usiku ule, kazi yake kuhesabu mabehewa. Siku ya viboko askari mmoja alikuwa akivihesabu kwa sauti. Sasa yeye anaanza: moja, mbili, tatu, nne... na kwenye tano hayupo tena. Akirudi, treni ni tupu, askari wameshapotelea gizani, ngumi yake imeshika kokoto na hajui aliziokota lini. Mchukuzi aliyesimama kando anamwambia mwenzake, "Huyu ana shetani." Na asubuhi inabidi apeleke namba. Ataitoa wapi? Ataibuni.

Hapo ndipo kitabu chako kilipo, ndugu yangu, na mimi nilikipita mbio kwenda kuandika mtu wa chuma.

Ile sura ya nne uliyoieleza, anapofumba macho na "kuwasha" ganzi, ifute usiku huu. Kisha andika ya stesheni, uniletee hata kama haijakaa sawa. Shangazi amesema atasikiliza, ila msomaji awe wewe mwenyewe, kwa sauti yako.