Mkitafiti na manusura, msianze na kinasa sauti

Msomaji wa Mombasa ameandika kwamba kikundi chao kinatafiti biashara ya kusafirisha wasichana kwa ajili ya ngono, na tayari "wamepata manusura watatu wa kuhojiwa". Wamepata! Bajeti imeshapita, dodoso limeshachapishwa, sasa yanatafutwa machozi ya kujazia kurasa.

Manusura huitwa kabla ya andiko la mradi, maana swali lenyewe ndilo la kwanza kurekebishwa. "Kwa nini hukukimbia?" linamtia mtu hatiani. "Pasipoti na simu yako alishika nani?" linaleta ushahidi. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa watu, inataka mambo matatu ili kosa lithibitike: kitendo, njia na lengo la unyonyaji. Panapokuwa na udanganyifu, vitisho au kutumia vibaya udhaifu wa mtu, ridhaa yake haihesabiki. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia haihitaji hata kuthibitishwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 dhidi ya usafirishaji huo imefuata mkondo huo, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Bado kuna madodoso yanayouliza kama binti alipigwa.

Malipo: mlipeni kwa saa, kiwango kile kile cha mshauri mwelekezi, si "nauli na soda". Ila muulizeni kwanza alipwe vipi. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha jina la mtumaji, na pengine simu hiyo husomwa na mume asiyejua lolote.

Ridhaa ichukuliwe mara tatu: kabla ya mazungumzo, akishasoma mahojiano yake yalivyoandikwa, na kabla ya kuchapisha. Kila mara awe na haki ya kujitoa.

Wengi huharibu kwenye kuficha utambulisho. Wanambadilisha jina, kisha wanaacha mwaka, saluni alikofanyia kazi na idadi ya watoto. Mji mzima wa Ukunda utamjua kabla ya adhuhuri. Sauti nazo msizipitishe WhatsApp. Hubaki kwenye simu za watu.

Akichangia uchambuzi, aandikwe mwandishi mwenza, kwa jina halisi au la kubuni, achague mwenyewe. Marekani, sheria ya 2015 iliunda baraza la manusura la kuishauri serikali. Nyinyi mnashindwa kumpa mstari mmoja kwenye jalada?

Basi rudini kwa wale watatu bila dodoso. Akikataa mmoja, mlipeni muda aliowapa, mwondoke.