Unataka kununua spreda ya mbolea? Anza na mbolea yenyewe, hopa iwe ya mwisho

Hii ni kwa nyie mnaoanza kulima kwa trekta, heka mia kwenda juu, ngano au shayiri au mpunga, mmechoka kusaka vibarua wa kurusha mbolea kwa mkono na sasa mnaulizia spreda ya kufunga nyuma. Karibu kila mtu akifika dukani swali lake la kwanza ni "inabeba kilo ngapi na bei gani?" Muuzaji naye anafurahi, anakuonyesha hopa, yaani lile tangi la kubebea mbolea, kubwa inang'aa, unalipa unapakia. Wiki kadhaa baadae shamba la ngano lina mistari kama pundamilia, kijani iliyokolea, njano, kijani, njano, na mbolea ndo ishaenda.

Sasa tuanze na unachotaka kumwaga. Mbolea ya kupandia kama DAP iache kwenye planta, fosforasi haitembei kwenye udongo, ukiirusha juu inabaki hukohuko juu wakati mizizi inaihitaji chini. Spreda kazi yake hasa ni mbolea ya kukuzia, yaani urea, CAN, SA. Na mwenye mahindi afikirie mara mbili, maana punje zikiingia katikati ya majani zinaunguza, afu mahindi yakishafika kiunoni trekta haipiti tena. Kwa mahindi mimi ningetafuta kaltiveta ya palizi yenye hopa ya mbolea, inapalilia huku inaweka mbolea pembeni ya mstari na kuifukia. Wa Nyanda za Juu Kusini mnaotaka na chokaa ya kilimo, kuna chokaa ya chengachenga na kuna ya unga, ile ya unga ukiiweka kwenye spreda ya kuzungusha sahani (ile inayorusha mbolea kwa sahani inayozunguka chini ya hopa) nusu inaondoka na upepo na nyingine inagoma kushuka. Ya unga ina mashine zake za kudondosha chini moja kwa moja.

Kitu cha pili ambacho watu wanakiruka kabisa ni bum sprea yako, ile ya kupulizia dawa yenye mikono mirefu, ina mita ngapi. Kama ni ya mita 12 basi spreda nayo ifanye kazi mita 12, au 24 kama una hela, ili trekta ipite kwenye njia zilezile za matairi msimu mzima, ukiwa na sprea ya 12 na spreda ya 10 utakanyaga ngano yako kila siku kwa njia mpya. Na hapa muwe makini sana na lugha ya dukani, ukiambiwa "inarusha mita 14" ule ni umbali punje ya mwisho inapofika, sio upana wa kufanyia kazi. Spreda inamwaga nyingi katikati na inapungua kuelekea pembeni, kwa hiyo lazima mapito yaingiliane ndo shamba lipate sawa. Ya kurusha 14 unaweza kujikuta unaitumia kwa mita 10 tu.

Sahani moja au mbili? Ya sahani moja ni bei nafuu, nyepesi, trekta dogo linaibeba, ila mara nyingi inarusha zaidi upande mmoja kuliko mwingine na kuisawazisha ni shughuli. Kwa ngano ya heka mia na kuendelea nenda sahani mbili, sina maneno mengi hapo. Kuna na zile za Vicon za mkono unaopiga huku na huku, ukiipata nzima sio mbaya hata kidogo kwa mashamba ya kati.

Hopa sasa. Urea ni nyepesi, lita moja ina kama robo tatu ya kilo, CAN inakaribia kilo nzima. Kwa hiyo hopa ya lita 600 ukijaza urea ni kilo 450 hivi, ukijaza CAN inakaribia 600, jumlisha na chuma chenyewe, na vyote vinaning'inia nyuma. Trekta ikianza kunyanyua pua kwenye mlima usukani hauna kazi. Angalia uwezo wa kunyanyua wa trekta yako kwenye kitabu, uwe na vyuma vya uzito vya mbele, ndo uongelee ukubwa wa hopa.

Kabla hujalipa omba muifunge kwenye trekta muipime palepale, muuzaji akikataa nenda kwa mwingine. Hesabu ni hivi: ukitembea kilomita 8 kwa saa, kwa dakika moja unaenda mita 133, zidisha kwa upana wa mita 12 unapata mita za mraba kama 1,600. Heka ni 4,000 na kidogo, kwa hiyo dakika moja unamaliza sehemu nne kati ya kumi za heka. Unataka mfuko wa kilo 50 kwa heka? Basi mashine itoe kilo 20 kwa dakika. Toa sahani, kinga ndoo kubwa, PTO (ile shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha mashine) iende mizunguko 540 kwa dakika kamili, fungua nusu dakika, funga, pima. Zikitoka 10 umepatia, zikitoka 14 rudisha mlango wa kutolea mbolea kidogo urudie. PTO ikiwa inazunguka hakuna mtu kuingiza mkono mle ndani, hata kutoa bonge.

Hiyo ni kipimo cha kiasi tu, cha usawa ni mabeseni. Yapange kila mita kwa mstari unaokatiza njia ya trekta, weka kitambaa ndani punje zisiruke nje, pita na trekta, afu mimina kila beseni kwenye chupa yake, chupa zote za aina moja, zipange kwa mfuatano. Macho yenyewe yataona wapi kumejaa na wapi kuna vumbi. Urea ya punje ndogondogo haifiki mbali kama ya chengachenga kubwa, kwa hiyo ukibadilisha mzigo unapima upya, hata kama mfuko umeandikwa urea 46% uleule. Na dereva asipunguze mafuta akifika kwenye kona, PTO ikishuka mbolea inaanguka karibu.

Wanaotaka used ya Ulaya: shika mapanga ya juu ya sahani kwa vidole, yakiwa yameliwa hadi yana mfereji au tundu hayarushi sawa, uliza bei ya mapya kabla ya kupatana. Gonga chini ya hopa, rangi mpya huwa inaficha kutu. Angalia mafuta kwenye gia boksi. Kama milango inafunguliwa kwa umeme na kile kiboksi cha kwenye kabini hakipo, achana nayo. Kitabu kikikosekana sio tatizo kubwa, piga picha kibao cha modeli, kampuni kama Amazone na Bogballe wana majedwali ya setingi kwenye intaneti, chagua mbolea inayofanana na yako kwa ukubwa wa punje na uzito, anzia hapo kisha rudi kwenye mabeseni.